Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Juma hili tunawaalika twende pamoja, kwa mawazo, hata Acapulco, mji wa pwani ya Meksiko, kando ya bahari ya Pasifiki. Wanafunzi wautafute katika ramani. Ni mji mkubwa: mwaka 2020 wakaaji wa manispaa yake walikaribia 780,000. Ghuba yake imezungukwa na milima, na tangu miaka mingi watu huenda huko kupumzika, kuogelea, na kuwatazama vijana hodari wanaojitupa baharini toka mwamba wa La Quebrada, kimo cha meta 35 hivi. Wenyeji wengi hawana shamba jingine: shamba lao ni wageni.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2023, tufani iliyoitwa Otis iliuangukia mji huo. Sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuzijui tufani za namna hii, maana hazizaliwi karibu na mstari huo. Huzaliwa mbali kidogo, juu ya bahari yenye joto, na joto hilo ndilo chakula chao. Otis ilikuwa dhoruba ya kawaida. Lakini kabla ya siku moja kutimia ilikwisha kuwa tufani ya daraja la 5, lililo la juu kuliko yote, na upepo wake ulipita kilometa 250 kwa saa. Hata wataalamu walishangaa. Watu hawakupata nafasi ya kujiponya.

Kulipokucha, hoteli ndefu za ufukoni zilikuwa kama mifupa mitupu. Vioo vilikuwa vimevunjika, umeme na simu vimekatika, na maji ya kunywa yakawa shida. Watu wapata 50 walikufa, na wengine kama 30 hawakuonekana. Kati yao walikuwamo mabaharia wengi waliobaki ndani ya mashua ili wazilinde kwa ajili ya wenyewe. Walikufa wakishika kazi yao.

Basi, je, yafaa kwenda kustarehe mahali penye msiba? Wengine husema ni aibu. Sisi twaona hivi: asiyekwenda kwa huruma, huruma yake haimlishi mtu. Chumba kimoja kikifunguliwa, mtandika vitanda hupata mshahara, mpishi hurudi jikoni, mvuvi huuza samaki wake. Mwisho wa Februari 2024 mashindano ya tenisi ya kila mwaka yalichezwa tena mjini humo, ingawa hoteli nyingi zilikuwa bado kutengenezwa. Lakini Septemba 2024 ikaja tufani nyingine, John, ikaleta mvua ya siku nyingi na mafuriko. Waliokwisha kuinua kuta zao wakaanza upya.

Kwa hiyo mgeni na aende, ila aende kama aingiaye nyumba ya matanga. Asinung'unike maji yakipungua. Asimpige picha mama anayelia. Alipe bei ya haki, wala asimpunje mchuuzi kwa sababu ana shida. Tena asitazame ufukoni tu. Ukuta wa hoteli hupakwa rangi mapema, kwa kuwa wageni wanauona. Lakini paa la bati lililong'olewa huko juu mlimani, nani analiona? Humo ndimo analala yule anayemtandikia mgeni kitanda. Kidonda kilichofunikwa kwa kitambaa kizuri hakijapona bado.

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji si mwenye hoteli peke yake. Ni mfua nguo, ni mpagazi, ni mjane wa baharia aliyelinda mashua ya mwingine. Siku hao watakapopona, ndipo tutakaposema kwamba Acapulco imepona.