USILIRUKE KUFULI LA MWENZIO

Ndugu wafanya kazi,

Nataka kusema machache juu ya jambo ambalo wakubwa wa ofisini huliona dogo, nalo ni makufuli ya malango ya huko porini: lango la kilima chenye mlingoti wa simu ya upepo, lango la pampu ya maji, lango la kufikia reli. Lango ni moja na wenye kulitumia ni wengi. Watu wa reli hupita, watu wa umeme hupita, watu wa simu hupita.

Desturi ni kutia mnyororo, na kila upande kutia kufuli lake. Makufuli hushikana moja kwa jingine kama pete za mnyororo. Fungua lolote, mnyororo waachana na lango li wazi. Ukitoka, rudisha lako mahali pake kati ya jirani zake. Mpango huu ni mzuri, maana hakuna ashikaye ufunguo wa mwingine. Lakini mtu mwenye haraka huunganisha kufuli lake kwenye pete za mnyororo wenyewe, akamruka mwenzake. Basi la mwenzake hubaki likining'inia bure. Hata akilifungua, lango halifunguki.

Mimi yamenipata. Tulikuwa watu wanne kwenye kilima kimoja upande wa Voi. Asubuhi tuliingia kwa ufunguo wetu. Adhuhuri wakaja watu wa kampuni nyingine, wakafanya kazi yao, wakaondoka na kuturuka. Jioni mwenzetu aliumwa na nyoka. Tukafika langoni na gari. Ufunguo tunao, njia hatuna. Tukampitisha chini ya seng'enge, tukambeba kwa turubai mpaka barabara kuu, gizani. Alipona, Mungu ashukuriwe. Usiku ule ule tulirudi tukaukata mnyororo ili tulitoe gari. Kesho yake hatukuulizwa habari za mgonjwa. Tuliulizwa nani atalipa mnyororo.

Wako wasemao: Wekeni kufuli moja kubwa, wote wapewe ufunguo wa namna moja. Nakataa. Ukipotea mmoja, kazi yote imeharibika, na fundi wa mjini huuchonga mwingine kwa dakika chache. Tena betri ikiibwa kilimani, nani ataulizwa kwanza? Ni sisi wa chini. Kufuli la tarakimu ni hivyo hivyo: siri ya watu thelathini si siri. Siku hizi yako makufuli ya umeme yaandikayo nani alifungua na saa ngapi. Ni mazuri kwa ushahidi, lakini nguvu yake ikiisha porini, mtu hubaki nje.

Dawa iko. Kuna komeo la chuma lenye matundu mengi, kila tundu na kufuli la mwenyewe. Ondoa moja tu, komeo lateleza. Hakuna awezaye kumruka mwenzake, kwa kuwa makufuli hayashikani.

Wala tusilichanganye na chuma cha usalama kitiwacho kwenye swichi ya umeme mafundi wakiwa kazini. Huko kila fundi hutia kufuli lake, na mpaka la mwisho liondoke swichi haiwashwi. Langoni moja latosha. Kwenye swichi ni lazima yote. Lakini kanuni ni ile ile: mwenye kufanya kazi awe na ufunguo wake mfukoni, si mezani kwa mkubwa aliye mbali.

Basi nawaomba wajumbe wetu, wakikutana na mabwana wa kazi, wadai mambo matatu. Kwanza, komeo la matundu kwenye kila lango la shirika. Pili, daftari la kila kufuli na mwenyewe, pamoja na namba ya simu ya kumwita. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, aliyekata mnyororo kwa ajili ya kuokoa maisha asikatwe hata senti moja ya mshahara.

Na sisi wenyewe, kabla ya kuondoka, tuuvute mnyororo na kutazama kama kila kufuli limeshikwa pande zote mbili. Ni kazi ya nusu dakika. Aliyebaki ndani ni mfanya kazi kama wewe, hata kama tajiri wake si tajiri wako.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa reli