Kumzuru mgonjwa wa kiharusi si kumuuguza

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya swala tulipanda daladala kutoka Nyakato, waumini kumi, kwenda kumzuru mzee wetu aliyelazwa kwa kiharusi katika hospitali moja ya jiji la Mwanza. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na ulimi haukumtii. Tuliomba dua, tukaacha bahasha na chupa ya uji, tukaaga. Muuguzi alitusimamisha mlangoni. Kwanza aliturudishia uji, akatueleza kwamba mzee bado hawezi kumeza salama. Kisha akauliza: ni nani kati yetu atakayefundishwa kumhudumia? Wanaume wote, wakiwemo wanawe wawili, tulimtazama binti yake. Binti huyo alikuwa amekesha pale siku kumi na moja peke yake, na kibanda chake cha dagaa pale Buzuruga kimefungwa.

Kwa hakika tuliona haya. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na fadhila zake ni nyingi. Lakini kuzuru ni jambo la nusu saa. Kuuguza ni jambo la usiku na mchana, nalo kwa mwenye kiharusi huandamana na tiba hatua kwa hatua.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikadiria, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Basi huu ni msiba wa nyumba zetu wenyewe. Wapo wanaosema ni jini, wakamtoa mgonjwa wodini. Qur'ani ni shifaa, nayo husomwa hapo hapo kitandani. Haimlazimu mgonjwa kumkimbia daktari.

Je, mwenye kuuguza afanye nini? Asimpe mgonjwa chakula wala maji mpaka wahudumu wahakikishe anameza vizuri, kwani kinachopita njia ya hewa huleta nimonia. Anaporuhusiwa kula, aketishwe wima. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara kwa mara, kama wauguzi watakavyoelekeza, asipate vidonda. Asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega lake huumia kwa urahisi. Aliyepoteza usemi asidhaniwe amepoteza akili: aulizwe maswali ya kujibu kwa ishara, wala asisemwe mbele yake kana kwamba hayupo. Na dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu tu amepata nafuu.

Mambo haya hujifunzwa kwa wataalamu kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Wala tusijidanganye kwamba mapenzi yetu yanatosha. Nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Jamaa za nusu ya wagonjwa hao walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, kiwango cha waliofariki au kubaki tegemezi kilikuwa sawa na cha wale waliopata huduma ya kawaida. Somo tunalolipata ni kwamba familia humsaidia mtaalamu, haichukui nafasi yake. Mgonjwa apelekwe kwenye mazoezi ya viungo kila anapotakiwa, hata kama nauli ni ya kuchangishana.

Baadhi yetu husema kuuguza ni kazi ya wanawake. Tuwakumbushe habari iliyomo katika Sahih Bukhari. Mwaka wa pili Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badr, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.) na mke wa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), alikuwa mgonjwa. Mtume alimwambia Uthman abaki amuuguze mkewe, na akamhakikishia ujira na fungu la aliyehudhuria Badr. Tuzingatie: mwanamume aliyekaa kando ya kitanda cha mkewe alihesabiwa pamoja na wapiganaji wa vita vile vitukufu. Ni mtoto gani wa kiume leo atakayesema hadhi yake haimruhusu kumwogesha baba yake?

Vilevile, anayetuma pesa kwa simu kutoka mbali amefanya wema, lakini asidhani amemaliza deni. Naye aombe ruhusa kazini, aje ashike zamu, dada yake alale. Na mgonjwa asaidiwe katika swala yake: asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Kumtia udhu au kumfanyia tayammum ni sehemu ya uuguzi wetu.

Mzee wetu alirudi Nyakato. Wanawe wale wawili walikwenda kufundishwa, mmoja akashika usiku, mwingine asubuhi. Mkono wake haujarejea kama zamani, na usemi wake ni wa maneno machache. Lakini huketi barazani, na binti yake amefungua tena kibanda.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaobaki kitandani pao baada ya wageni kuondoka. Amin.

Wabillahi Tawfiq.