Ndoa Yako Ina Bei: Pauni 29,000



Leo wacha tupige hesabu, manake dhuluma hii imefichwa ndani ya hesabu na wengi wetu twaipita tu.

Tangu 11 Aprili 2024, Uingereza yasema hivi: raia wake, au mtu aliyepewa ukaaji wa kudumu kule, akitaka kumleta mke au mume kutoka nje, lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya siku hiyo, tangu Julai 2012, kiwango kilikuwa 18,600. Bei ya ndoa imepanda kwa zaidi ya nusu kwa siku moja. Kwa shilingi zetu hizo ni karibu milioni tano kila mwaka.

Utasema, lakini Uingereza si kuna pesa? Haya, chukua kijana wetu aliye Leicester, amezaliwa huko, wazazi wake wa Mombasa, ameoa binti wa Kibokoni kwa halali na cheti cha ndoa anacho. Afanya kazi ya ghala. Kima cha chini cha mshahara cha Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Akifanya saa 37 na nusu kwa wiki, wiki zote 52, apata kama 23,800. Hafiki. Ili afike 29,000 kwa mshahara huo inabidi afanye karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima. Yaani serikali ile ile iliyosema mshahara huu watosha mtu kuishi ndiyo inayomwambia kwamba hautoshi mtu kuishi na mkewe.

Na mke je? Tuseme huyu binti ni mwalimu au mhasibu, ana mshahara wake hapa. Hauhesabiwi. Amepewa ahadi ya kazi Uingereza, barua anayo mkononi. Pia haihesabiwi. Kwa upande wa mshahara, wanaangalia mfuko wa aliye kule tu. Kama mfuko huo hautoshi na mwataka kutumia akiba peke yake, basi muwe na pauni 88,500 benki, zimekaa miezi sita. Hizo ni takriban shilingi milioni 15. Zaweza kuwa zawadi ya jamaa, lakini zisiwe deni, hata kama ni qardh hasan ya ami yako asiyetaka faida hata senti. Nani mtaani kwenu ana ami wa kukupa zawadi ya milioni 15?

Sasa sikiliza sababu wanayotoa. Ati mgeni asije akawa mzigo kwa mlipa kodi. Hii ndiyo hoja yao kubwa, na hata baadhi yetu hapa twaikariri tukitikisa kichwa, “ni haki yao bana, ni nchi yao.”

Hebu tuitazame vizuri. Viza ya mke au mume tayari imepigwa sharti kwamba mwenye nayo hana ruhusa ya kuchukua misaada ya serikali. Posho za serikali hapewi, nyumba ya serikali hapewi. Matibabu alipa mapema, kabla hajapanda ndege: tangu Februari 2024 ada ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, na kwa viza ya kwanza hiyo ni pauni 3,105. Ongeza ada ya maombi yenyewe, pauni 1,938 kwa kiwango cha Aprili 2025. Zaidi ya shilingi laki nane zimeondoka na mtu hajaona hata mvua ya London. Akishaingia akafanya kazi, alipa kodi kama jirani yake. Mzigo uko wapi hapo? Aliyebeba mzigo ni yeye.

Kama nia ingekuwa kuzuia mzigo, sharti la misaada na ada ya afya vingetosha. Hii 29,000 yafanya kazi nyingine. Yachuja watu: mwenye mshahara mkubwa apite na mkewe, mfagiaji abaki na simu. Na wanaobaki nyuma ya chujio wajulikana hata bila kuuliza. Ni vijana walioanza kazi juzi. Ni wanawake, ambao wengi mishahara yao ni midogo au wafanya nusu siku kwa sababu ya watoto. Ni watu wa miji ya kaskazini ambako mishahara iko chini ya ile ya London, na sheria haina habari nayo.

Watoto ndio wanaouma zaidi. Mwaka 2015, ripoti iliyotolewa na Kamishna wa Watoto wa Uingereza ilikadiria kwamba watoto wapatao 15,000 wameathiriwa na sharti hili, na wengi wao ni raia wa Uingereza. Waliitwa familia za Skype. Mtoto amjua babake kama uso ulio kwenye kioo cha simu. Akianguka na kuumia, baba amtuliza kwa intaneti, na ikikatika basi imekatika. Na wakati huo kiwango kilikuwa bado 18,600!

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Tarehe 22 Februari 2017 majaji walikiri kwamba sharti hili lasababisha taabu kubwa kwa familia nyingi, lakini wakasema kuwa na kiwango chenyewe si kinyume cha sheria. Walichokataa ni namna maslahi ya watoto yalivyopuuzwa na namna pesa za vyanzo vingine zilivyofungiwa mlango. Ushindi nusu. Ila nusu hiyo ina faida, nitairudia hapo chini kwa sababu maajenti hawakwambii. Na Juni 2025, kamati ya wataalamu inayoishauri serikali hiyo hiyo kuhusu uhamiaji iliona kwamba kiwango cha kati ya 23,000 na 25,000 kingeweza kuziacha familia zijimudu. Wataalamu wao wenyewe.

Kuna jambo moja lachekesha kidogo. Waingereza wenyewe sasa waonja. Baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, mzee wa Kiingereza anayetaka kuhamia Uhispania bila kufanya kazi lazima aonyeshe mara nne ya kipimo cha mapato cha nchi hiyo. Kwa kipimo cha euro 600 kwa mwezi, hiyo ni euro 28,800 kwa mwaka. Akitaka Thailand kwa viza ya wastaafu, awe na miaka 50 na baht 800,000 benki, ama kipato cha baht 65,000 kila mwezi. Wanalalamika, na nawaelewa. Lakini angalia majina. Yule wa Uhispania aitwa “expat”. Binti wa Kibokoni aitwa mhamiaji. Mmoja afuata jua, mwingine amfuata mumewe, halafu anayetiliwa shaka ni wa pili.

Wala tusijifanye hapa kwetu mikono ni safi. Kibali cha Daraja K cha Kenya kinataka mtu awe na miaka 35 na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka. Ndicho kinachomfaa mstaafu wa Ulaya anayetaka kumalizia maisha yake Diani au Malindi. Sina ugomvi na mzee huyo, anunua samaki kwa wavuvi wetu. Lakini yeye aja kupumzika. Tofauti kati ya starehe na ndoa ni kubwa, na nchi inayotoza vyote viwili kwa mizani moja imekosea mizani.

Na wewe unayesema kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake: sawa, ilinde. Iangalie kama ndoa ni ya kweli, iangalie rekodi ya uhalifu, ipime kifua kikuu. Yote hayo wayafanya tayari na hatujapiga kelele. Lakini mume aliye Leicester si mgeni wa nchi ile. Ni raia. Haki inayokanyagwa hapa ni yake kwanza.

Sasa tuje kwetu, kwa wale wanaokula kwenye jeraha hili. Mtaani kuna watu, wawajua, wenye ofisi za chumba kimoja, wanaokwambia “usijali, stetimenti tutaipanga.” Wakukodishia pesa zionekane benki, wakutengenezea barua ya mwajiri asiyekuwepo, wakutoza laki mbili, tatu. Mama auza dhahabu yake. Ikigunduliwa, ajenti hana jina kwenye fomu. Jina ni lako. Udanganyifu kwenye maombi ya viza ya Uingereza waweza kukufungia mlango miaka kumi. Ndoa ya miaka miwili inasubiri miaka kumi kwa sababu ya karatasi ya uongo! Dhuluma ya sheria yao haiihalalishi hii, na huyo ajenti hakuonei huruma, wallahi.

Serikali yetu nayo ijibu. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya huko. Machi 2024 Uingereza ikawakataza watunza wazee wapya kuja na wake, waume na watoto wao. Wakenya wamo humo, wawaosha wazee wa watu huku watoto wao walelewa na nyanya. Wakubwa wetu wakienda London hupigwa picha wakisalimiana na kusifu ajira. Mbunge wako wamjua, nambari yake iko kwenye kila kundi la mtaa wakati wa kampeni. Mwulize ni lini suala la familia liliwekwa mezani, na nani aliliweka.

Kwa wale walio ndani ya shida hii sasa hivi: baada ya ile hukumu ya 2017, kanuni zilibadilishwa. Kipato kisipofika, na kukataliwa kukaleta madhara makubwa mno kwa familia au kwa mtoto, ofisa atakiwa aangalie vyanzo vingine vya kuaminika, kama msaada wa uhakika wa jamaa au kipato ambacho mwombaji atakipata akifika. Haimaanishi utapita, ila lazima uombe hivyo na uambatishe ushahidi. Kama aliye kule apokea posho fulani za ulemavu au za kumtunza mgonjwa, kiwango cha 29,000 hakimhusu, atapimwa kwa kipimo chepesi zaidi. Tafuta wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa. Na ukijikuta umekaa mbele ya ajenti anayetaka amana kwanza, mwulize kanuni ya GEN.3.1 yasema nini. Akianza kukuna kichwa, chukua bahasha yako na vyeti vyako vyote, ondoka.