Roboti ya chini ya maji: kazi hii pia ni ya kijana wa Kivu



Tarehe 3 Oktoba 2024, asubuhi, mashua MV Merdi ilizama wakati abiria walikuwa tayari wanaona Goma. Ilitoka Minova. Kwenye bandari ya Kituku watu walikuwa wamesimama wakingojea mama zao, wadogo zao na magunia ya chakula, na waliona yote kwa macho yao. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, ndiyo maana kila mtu alipita kwenye ziwa. Hesabu ya wakubwa juu ya waliokufa ilibadilika mara kwa mara. Iko familia ambazo hazikuzika mtu wao. Zilikaa matanga bila maiti.

Siku zile tulikuwa pale Kituku na tulisikia jibu moja: «Ni mbali sana chini, hakuna mtu anaweza kufika.» Ni kweli, mtu hawezi. Anayezamia kwa starehe anaambiwa asipite mita 40. Ziwa Kivu linashuka mpaka karibu mita 480, na ukipita kama mita 60 hakuna tena hewa ya oksijeni ndani ya maji, hata samaki hawaishi. Lakini duniani iko chombo kinachofika kule ambako mtu hafiki, na iko watu wanaolipwa kukiendesha. Leo tunataka kuongea juu ya hiyo kazi, juu ya kijana wa hapa anayeweza kuianza, na juu ya deni ambalo serikali iko nalo kwetu katika jambo hili.

Chombo chenyewe ni roboti yenye kamera, taa na propela, imefungwa kwa kebo ndefu. Umeme na amri zinashuka kwa kebo, picha zinapanda. Rubani anabaki juu, ndani ya meli au ndani ya kontena, mbele ya televisheni, na mikono yake iko kwenye rimoti. Roboti ndogo ni za kuangalia tu. Zile kubwa, zenye uzito wa gari, ziko na mikono ya chuma ya kufunga boliti na kukata vyuma.

Si mchezo wa jana. Mwaka 1966 Wamarekani walipoteza bomu la nyuklia baharini karibu na Palomares, Uhispania. Roboti yao CURV ndiyo ililikamata, zaidi ya mita 800 chini. Mwezi wa sita 2023, wakati chombo Titan kilipotea na watu watano karibu na mabaki ya Titanic, ni roboti iliyokuta vipande vyake, karibu mita 3,800 chini. Watano wale walikuwa wamekufa, lakini familia zao zilipata jibu ndani ya siku chache. Sisi hatusemi kwamba tajiri ana thamani kuliko mama muuza viazi wa Minova. Tunasema tu kwamba mmoja alitafutwa mpaka chini, na mwingine aliachwa.

Tuseme ukweli pia: roboti haingeokoa hata mtu mmoja wa Merdi. Watu wanaokolewa na mashua isiyojazwa kupita kiasi, jile kwa kila abiria, bandari yenye ukaguzi, na barabara iliyo wazi. Mwezi wa ine 2019 mashua nyingine ilizama upande wa Kalehe, na zaidi ya watu 140 walitangazwa kuwa wamepotea. Wakati ule Rais wa Jamhuri alifika, akaagiza jile zivaliwe. Miaka mitano kiisha, tulilia tena. Kwa hiyo mtu asichukue andiko hili akasema vijana wanataka mashine mahali pa sheria. Tunataka vyote viwili.

Kazi iko hapa hapa

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya Wazungu wa Bahari ya Kaskazini. Angalieni vizuri. Inchi yetu inachimba petroli baharini kule Muanda tangu miaka ya 1970. Intaneti yetu inaingia kwa kebo WACS, inayotoka majini Muanda. Mwezi wa nane 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, kwenye bonde kubwa la mto Kongo, ukaikata, na meli ya kuitengeneza ilibidi itoke Cape Town. Inchi nzima ilikaa ikingojea.

Na huku kwetu? Kwenye barrage ya Ruzizi I, pale Bukavu, chupa za plastiki tunazotupa ziwani zinaziba mitambo na umeme unakatika. Wazamiaji wanaingia wenyewe kutoa takataka kwa mikono. Roboti ndogo ingeweza kwenda mbele yao kuangalia, kabla ya mtu kuweka uhai wake pale. Upande wa Rwanda, mtambo mkubwa wa kutoa umeme kwenye gesi ya ziwa hilo hilo unafanya kazi tangu 2016, na mabomba yake yanashuka zaidi ya mita 300. Mabomba yakiwa kule chini, lazima kitu fulani kiende kuyaangalia. Siku Congo itachimba gesi yake, nani ataendesha hicho kitu?

Tena tusisahau tarehe 27 Mei 2021. Kiisha Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa kutoka Goma kwa sababu, walisema, magma iko chini ya mji na chini ya ziwa. Tulibeba watoto na magodoro mpaka Sake, wengine mpaka Minova, wengine Rwanda. Ziwa hili liko na methani na gesi kaboni nyingi mno, na kwenye ghuba ya Kabuno gesi iko karibu kabisa na juu. Kule Kameruni, mwaka 1986, gesi kaboni ya ziwa Nyos iliua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja. Ziwa la namna hii linahitaji macho chini yake kila siku, na macho hayo yawe ya watoto wake.

Namna ya kuanza

Wengi wanatuuliza: niko na diploma ya umeme, naendesha moto, nifanye nini? Tunajibu kwa ufupi na bila kupaka asali.

Kwanza, rubani wa roboti ni fundi mbele ya kuwa rubani. Saa nyingi hazipiti kwenye rimoti, zinapita kwenye kutengeneza: kebo imeingia maji, propela imeshika uzi wa nyavu, mafuta ya mitambo yanavuja. Makampuni yanatafuta kwanza mtu anayejua umeme, elektroniki, mekanika au mitambo ya mafuta. Kijana aliyemaliza elektromekanika kwenye shule ya ufundi hayuko mbali kama anavyofikiri. Yule anayefungua simu pale Birere na kuirudisha na uhai, mikono yake imeshaanza kazi hii.

Pili, lugha. Kwenye meli watu wanaongea Kiingereza. Kifaransa chetu hakitoshi.

Tatu, makaratasi. Mtu anayeanza anapanda ngazi: fundi-rubani daraja la pili, kiisha daraja la kwanza, kiisha msimamizi. Ngazi hizo zimepangwa na IMCA, chama cha dunia cha makampuni ya kazi za baharini. Kabla ya kupanda kwenye jukwaa la petroli unadaiwa pia cheti cha daktari na mafunzo ya kujiokoa, pamoja na kutoka ndani ya mfano wa helikopta iliyopinduka ndani ya maji. Kazi yenyewe ni zamu za saa 12, wiki nyingi mbali na nyumba.

Ine, na hapa sikilizeni sana: cheti cha shule ya roboti hakimpi mtu kazi. Shule hizo zinauza masomo kwa maelfu ya dola, na wengi wanamaliza na kubaki nyumbani, hata Ulaya. Mmoja wetu alimtumia mtu wa WhatsApp dola 150 za «kuandikwa kwenye meli». Mpaka leo ile namba haipatikani. Kampuni ya kweli haikuombi pesa ili ikupe kazi. Musiuze shamba la mzazi juu ya karatasi.

Tano, anza kujenga. Marekani iko programu inaitwa SeaPerch ambamo wanafunzi wanatengeneza roboti ya maji kwa mabomba ya PVC, mota ndogo na nyaya. Mabomba hayo yanauzwa Virunga na Kadutu. Programu ya kompyuta ArduSub, inayoendesha roboti za namna hiyo, ni ya bure kwa kila mtu. Kila mwaka iko shindano la wanafunzi la MATE, na vijana wa Misri wanashiriki. Kama Mwafrika wa Nil anaenda, wa Kivu anakosa nini? Hakosi akili. Anakosa umeme wa kutosha, intaneti ya bei nzuri, na mtu wa kumfungulia mlango. Na roboti iliyotengenezwa na mikono yako, hata kama inashuka mita kumi tu, itaongea mbele ya bosi kuliko karatasi tano.

Tunachodai

Tunajua neno litakalorudi: «Vita iko, watu wanalala kwenye hema, nyinyi munaongea roboti.» Ndiyo. Sisi wenyewe tuko na jamaa kwenye hema. Lakini tumezaliwa ndani ya vita na tumesoma ndani ya vita. Kama tunangojea amani ili tujifunze ufundi, siku amani itafika tutawapokea tena wageni wenye mashine, na sisi tutabeba masanduku yao.

Kwa hiyo tunadai hivi:

1. Familia za Merdi zipewe jibu: orodha ya kweli ya abiria, na maelezo ya wazi juu ya nini kilifanyika, na nini hakikufanyika, ili kutafuta mabaki na miili.

2. Kila kampuni inayofanya kazi chini ya maji ya Congo, iwe Muanda, iwe kwenye barrage, iwe kwenye gesi ya Kivu kesho, ilazimishwe kwa mkataba kufundisha vijana wa hapa kama mafundi-rubani, na majina ya waliofundishwa yatangazwe.

3. Shule za ufundi za Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie zipate vyumba vya mazoezi vyenye umeme. Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, liko mlangoni mwa Kalemie na Uvira, na mwanafunzi wa pale anasoma mota kwa mchoro wa ubao.

4. Huduma ya uokoaji kwenye maziwa ipewe vyombo na watu. Roboti ndogo ya kuangalia inagharimu kuliko moto, lakini ni chini ya jeep moja ya mkubwa.

Na sisi wenyewe tusikae mikono mitupu. Wenye kujua umeme wafundishe wengine siku ya posho. Wenye Kiingereza wafungue kikundi cha kusoma. Wavuvi watuonyeshe ziwa, kwa sababu wanalijua kuliko sisi. Tukusanye mabomba na mota za zamani, tuanze na pipa la maji, kiisha tushuke ukingoni.

Mama mmoja wa Kituku alituambia hivi: «Hata kiatu chake tu kingetosha, nijue mahali pa kuweka maua.» Hatukuwa na jibu. Tunataka siku nyingine, mama akiuliza hivyo, asimame kijana wa hapa na kusema: ngoja mama, tunashusha chombo, twende tuangalie pamoja.