Bodi ya Shule si Baraza la Watu Wazito

Katika mchango mmoja wa kujenga bweni, uliofanyika upande wa Kibwezi wakati ndengu zilikuwa zimekwisha vunwa na wazazi wana vijisenti mfukoni, mgeni wa heshima, aliyewasili saa nane mchana kwa shughuli iliyoitishwa saa tatu asubuhi, alishika kipaza sauti akatoa nasaha ambayo hakuna aliyemwomba. Alisema kwamba bodi ya shule si jambo la kupigiwa kura na kila mwenye jembe. Kwamba kura huleta siasa, na siasa huleta fitina, na fitina huwaangusha watoto katika mtihani. Na kwamba shule itakayo kuendelea sharti iwaachie mwalimu mkuu na wafadhili wateue watu wazito, yaani wasomi, wafanyabiashara, na mabwana wakaao Nairobi wanaojuana na mabwana wenzao. Umati ukapiga makofi. Makofi yalinikera kuliko maneno, kwa kuwa waliopiga ndio waliokuwa wakitukanwa.

Dhana hiyo imeenea Ukambani kote, toka Mtito Andei hadi Kyuso, na aghalabu husemwa kwa sauti ya hekima, kana kwamba ni wasia wa wahenga, ilhali ni hadaa tupu yenye kumfaa mtu mmoja au wawili katika kila shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 56, haikuwasahau wazito hata kidogo: Bodi ya Elimu ya Kaunti ina mjumbe wake, walimu wana wao, wafadhili wana watatu, makundi maalumu yana mmoja, watu wenye mahitaji maalumu wana mmoja, na baraza la wanafunzi nalo lina mwakilishi, na fauka ya hayo bodi yaweza kumwalika yeyote mwenye ujuzi, mradi wasizidi watatu kwa wakati mmoja. Zilizobaki ni nafasi 6, na juu ya hizo sheria imetamka waziwazi kuwa ni za kuchaguliwa. Kaunti ndiyo itiayo muhuri, naam, lakini kutia muhuri si kuchagua. Basi mtu mzito ana milango chungu nzima ya kuingilia. Mzazi ana mmoja, na huo mmoja ndio mgeni wetu wa heshima alitaka ufungwe, kisha tushukuru.

Nimekwisha kuona jinsi unavyofungwa. Katika shule moja ya kutwa ya Kitui, ambayo sitaitaja, wazazi waliketi kwa vidato, kila kidato katika darasa lake, wakubwa kwa heshima wakijibana katika madawati ya watoto, wakachagua wawakilishi wao kwa kunyoosha mikono. Kidato cha pili walimchagua mama auzaye nyanya sokoni Kabati, na sababu ya kumchagua ilikuwa moja: ndiye peke yake aliyethubutu kuuliza kwa nini wazazi watozwe fedha za chakula cha mchana na hapo hapo waambiwe walete magunia ya mahindi na maharagwe, na watoto wale muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, usio na maharagwe. Baada ya chai, mwalimu mkuu alifungua bahasha ya kaki akasoma majina ya wajumbe wa bodi. Jina la mama yule halikuwamo. Lilikuwamo la bwana mmoja wa Nairobi ambaye mwanawe wa mwisho alikwisha maliza shule zamani, na ambaye hata siku hiyo hakuwapo. Mama alijifunga leso yake vizuri, akaondoka kuwahi matatu. Hakuna aliyeuliza, na kumbukumbu za mkutano ziliandikwa, kwa Kiingereza, kwamba uteuzi ulipita kwa kauli moja.

Sasa niulize, na nitauliza mpaka nijibiwe: ni ujuzi gani hasa unaokosekana kwa mama huyo? Bodi ya shule haifundishi hesabu za maumbo wala haitahini kemia. Bodi huajiri mpishi na mlinzi, huajiri wale walimu ambao kila mtoto huwaita walimu wa BOM, yaani walimu wa bodi, husimamia ujenzi, husikiliza kesi za nidhamu, na hutazama matumizi ya fedha. Serikali imeahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, ahadi ambayo hufika kwa kuchelewa na aghalabu haifiki kamili, na kwa hiyo pengo huzibwa na mzazi. Mtu azibaye pengo kwa nyanya zake mwenyewe hujua bei ya gunia la maharagwe kuliko profesa yeyote, na hugundua upesi kuliko profesa yeyote kwamba gunia limepungua.

Watu hawa hawa wa Kitui na Makueni, ambao eti hawawezi kuaminiwa na daftari la shule, wameaminiwa na mambo mazito zaidi. Akina mama wa mwethya, vikundi vyetu vya kazi za pamoja, walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko milimani, wakabeba mawe na maji kichwani kujenga shule za harambee wakati serikali haikuwa na mkono wala mguu huku. Mamia ya mabwawa ya mchanga yaliyomo katika mito mikavu ya Kitui yamejengwa kwa jasho la vikundi vya vijiji vyenye kamati zilizochaguliwa na wanavijiji wenyewe. Na Makueni, tangu siku za Gavana Kivutha Kibwana, bajeti imejadiliwa kuanzia kijijini, na mradi wa kisima au wa zahanati huwekewa kamati iliyochaguliwa na wananchi, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie sahihi kuwa kazi imeridhisha. Wageni hutoka mbali kuja kujifunza jambo hilo. Basi mkulima wa Kathonzweni ana akili ya kutosha kumzuilia mkandarasi mamilioni, lakini akivuka barabara akaingia lango la shule, akili yamtoka? Aliyebeba mchanga ndiye mwenye haki ya kuuliza saruji imekwenda wapi, na hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu yote. Nyingine ni matawi tu.

Wazee wataikumbuka hoja ya mgeni wa heshima, kwa kuwa si mpya. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, serikali ya kikoloni ilipima kura kwa elimu na mali: mwenye sifa kidogo alipata kura moja, aliyesoma na kumiliki alipata hata tatu, na wengi mno hawakupata yoyote. Ndio uchaguzi uliompeleka James Muimi barazani kwa niaba ya Wakamba. Hoja ya wakati huo ilikuwa kwamba raia wa kawaida hajakomaa. Tuliikataa, watu wakafungwa kwa kuikataa, na leo mjukuu wa aliyenyimwa kura huisimamisha hoja ile ile chini ya hema la mchango na kupigiwa makofi.

Wengine watasema, na nimesikia wakisema kwa nyuso kavu, kwamba wazazi wakiachiwa kura watamchagua mlevi. Subhana! Kana kwamba shahada humzuia mtu kunywa. Ningependa kuonyeshwa bodi moja ya walevi wa vijijini iliyomaliza fedha za bweni. Bodi za watu makini wenye tai zilizomaliza fedha za bweni, na bweni likabaki kwenye linta huku mbuzi wakilala ndani, kila msomaji ana yake anayoijua. Wengine husema kura itazigawa koo. Koo zimegawanyika tangu kale, nazo zinaoana, zinakopeshana na kuzikana. Hazitavunjwa na karatasi sita.

Ama wafadhili, nao niwaambie kwa staha. Wamishonari wa Africa Inland Mission waliofika Nzaui mwaka 1895 walifungua njia ya elimu, na Kanisa Katoliki nalo lina fadhila zake Kitui, na mwenye insafu hazikani. Lakini leo mishahara ya walimu hulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu kwa kodi, na madarasa hujengwa kwa kodi na kwa michango ya wazazi. Mfadhili amebaki na jina la ufadhili na viti vitatu. Viti hivyo ni vyake kwa mujibu wa sheria. Asitake na vile sita vya wenziwe.



Nasikia tena hoja ya siasa. Siasa gani ipitayo ile ya kupanga majina ofisini usiku? Na kwingineko kura ya bodi haiogopwi. Jiji la Chicago, lenye wanafunzi zaidi ya laki tatu katika shule za umma, liliishi miaka na miaka na bodi ya kuteuliwa na meya, na Novemba 2024 likapiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe 10 kati ya 21. Huko London, uchaguzi wa bodi ya shule mwaka 1870 uliwaingiza Elizabeth Garrett na Emily Davies, wakati ambapo mwanamke wa Uingereza hakuruhusiwa hata kumpigia kura mbunge. Bodi ya shule ilikuwa mlango wa kwanza wa wanawake hao. Kwetu mama wa Kabati alichaguliwa kwa halali, akafutwa kwa bahasha.

Wazazi wa Kitui na Makueni, mkutano wa mwaka unaokuja nendeni mapema, wala msiondoke baada ya chai. Takeni kura ihesabiwe mbele yenu, majina sita yaandikwe ubaoni kwa chaki, na yasomwe katika kumbukumbu za mkutano kabla mtu hajaweka sahihi. Kisha watu watatu wayanakili na kuyapeleka wenyewe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Na yakirudi mengine, myakatae kwa barua, mkitaja kifungu cha 56 kwa nambari yake.