Tumejenga Ukuta, Ufa Tumeuacha

Usiku mmoja wa Jumamosi, mwaka jana, wezi waliingia katika nyumba ya tatu kutoka ninapoishi, Mbezi Beach, jijini Dar es Salaam. Nyumba hiyo ina ukuta unaozidi kimo cha mtu mrefu, nyaya za umeme juu yake, kamera nne, mbwa wawili na mlinzi wa kampuni. Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, hivyo nyaya na kamera zilibaki kuwa mapambo. Wezi walipitia kiwanja kitupu kilichomezwa na majani upande wa nyuma, wakaegemeza ngazi, wakamfunga mlinzi kamba, wakafanya kazi yao kwa takriban saa nzima. Waliondoka na kompyuta, televisheni, vito vya mama mwenye nyumba na fedha zilizotengwa kwa ajili ya ada ya watoto.

Mimi nilisikia mbwa wakibweka. Nakiri hilo kwa aibu. Niligeukia upande wa pili nikalala, nikijiambia kwamba wenyewe wana mlinzi. Asubuhi nilibaini kuwa majirani wengine wawili nao walisikia, nao walijiambia vivyo hivyo.

Aliyefungwa kamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kukamatwa. Alikaa mahabusu siku tatu, akaachiwa bila shtaka, kisha mwajiri wake akamwambia asirudi kazini. Alikuwa amelinda katika mtaa wetu kwa zaidi ya miaka miwili. Nilipotaka kumtafuta nimpe pole, niligundua kwamba simjui jina. Sote tulimwita "mlinzi".

Ndugu msomaji, wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wakazi wa vitongoji vya pwani, kuanzia Masaki na Oysterbay hadi Mikocheni na Mbezi Beach, tumejenga ukuta na ufa tukauacha palepale. Ufa huo ni kwamba hatujuani. Hoja yangu ni kuwa usalama wa nyumba ni jambo la umma kabla haujawa bidhaa ya kununuliwa, na kwamba kila tunapoununua peke yetu, tunaupunguza kwa wote, sisi wenyewe tukiwemo.

Tuanze na ukuta wenyewe. Ukuta mrefu usiopenyeka kwa macho humzuia mwizi mpaka anapouruka. Akishauruka, humlinda yeye, kwa kuwa hakuna mpita njia wala jirani anayeweza kumwona. Watu wa rika langu wanazikumbuka nyua za michongoma. Hazikuwa ngome, lakini aliyekuwa barabarani aliona ua, na aliyekuwa uani aliona barabara. Kadhalika nondo za madirishani: humchelewesha mwizi, lakini nyumba ikishika moto huwafungia wenyewe ndani.

Sheria nayo haina upole. Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayevunja nyumba ya makazi kwa nia ya kutenda kosa, na hadi miaka 20 iwapo ametenda hivyo usiku. Lakini mwizi aliyesimama kwenye kiwanja kitupu saa nane za usiku hapigi hesabu ya miaka. Anapiga hesabu moja tu: je, nitaonekana? Na akionekana, kuna atakayejali?

Tutazame sasa yule tuliyemkabidhi jukumu la kuona kwa niaba yetu. Mlinzi wa jirani yangu aliingia kazini saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa juma. Hizo ni saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma. Inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika majuma manne, zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa ratiba ile, saa za ziada zinafika 108 katika majuma manne. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 222,000 kwa mwezi kwa mlinzi wa kampuni kubwa, na 148,000 kwa wa kampuni ndogo. Gawanya kwa usiku 26: wa kwanza hakufikisha 9,000 kwa usiku mmoja, wa pili hakufikisha 6,000. Kwa kiasi hicho tulimtaka akae macho akilinda mali ambayo asingeinunua kwa mshahara wa miaka kumi, na apambane na watu wenye mapanga. Akishindwa, tunasema alikula njama.

Inawezekana wapo waliokula njama. Lakini dhana ya kwamba maskini aliye karibu ndiye mtuhumiwa wa kwanza ina mizizi mirefu katika jiji hili. Mipango miji ya kikoloni iligawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ilitengwa kwa ajili ya Wazungu, viwanja vipana, upepo wa bahari, na Mwafrika aliingia huko kama mtumishi. Baada ya Uhuru, nyumba zile zilikaliwa na wakubwa wa serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi ziliuzwa kwa watumishi wa umma. Rangi ya wakazi imebadilika. Fikra ya kwamba usalama ni kujitenga haijabadilika, na hata vitongoji vilivyoota baada ya Uhuru, kama changu, vimeirithi.

Wapo watakaosema kwamba namsifia Mswahili wa Manzese ambaye mwizi akipigiwa kelele mtaa mzima hutoka. La hasha. Sote tunajua kelele hiyo huishia wapi. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", na kijana, pengine asiye na hatia, amekwisha kuchomwa moto. Lakini umma ule hutoka nje kwa sababu umekata tamaa na polisi, sawa na sisi tunavyojifungia ndani kwa sababu tumekata tamaa na polisi. Kote kuwili dola haipo. Tofauti ni kwamba sisi tuna fedha za kuuficha utupu huo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tubomoe kuta wala tufukuze mbwa. Fungeni milango, washeni taa. Nasema tuanze na ambayo hayahitaji fundi.

Mosi, twende kwenye mikutano ya mtaa. Serikali ya mtaa ndiyo inayoratibu ulinzi shirikishi, lakini katika vitongoji vyetu daftari la michango huzunguka likirudi tupu, kwa maelezo kwamba "sisi tuna kampuni". Wangapi kati yetu tunamjua kwa sura mwenyekiti aliyepatikana katika uchaguzi wa Novemba 2024? Mtaa wenye fedha nyingi kuliko wenzake hauna doria, hauna taa barabarani, na una viwanja vitupu ambavyo hakuna anayemuuliza mwenyewe kwa nini hafyeki.

Pili, tunapoingia mkataba na kampuni ya ulinzi, tuulize mlinzi analipwa kiasi gani na anafanya kazi saa ngapi. Wengi wetu ni watumishi wa umma, mawakili, wahadhiri. Baadhi yetu ndio tuliotunga sheria hizo. Ni fedheha kuzivunja getini kwetu kila jioni.

Tatu, Jeshi la Polisi limchukulie mlinzi kuwa shahidi mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Mtu anayejua kwamba wizi ukitokea atakamatwa yeye, ana kila sababu ya kukimbia badala ya kupiga simu.

Jirani yangu ameongeza ukuta kwa matofali matatu. Amewekewa mlinzi mpya, kijana mtaratibu ambaye hukaa kwenye kiti cha plastiki nje ya geti. Juma lililopita nilisimama nikamuuliza jina. Alishtuka, akainuka, akadhani amekosea jambo. Nami nikaona jinsi tulivyoenda mbali: kumuuliza mtu jina lake mtaani kwetu kumekuwa kitisho.