Ofisi ya Kazi Ifike Diff



Wengi wetu tukisikia neno Leba twafikiri juu ya kesi tu. Mtu amefukuzwa bila taarifa, au tajiri amemla mshahara wa mwezi, ndipo hutafuta nauli aende kwa afisa wa Leba. Hiyo ni haki yetu, nami sina neno juu yake. Lakini serikali imejipa kazi nyingine kwa sheria, na kazi hiyo wengi hawaijui: kumkutanisha mtu atafutaye kazi na tajiri atafutaye mtu. Tangu mwaka 2016 iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka ule. Huandikisha watafuta kazi bila malipo, hupokea kwa waajiri habari za nafasi zilizo wazi, huwapa vijana mashauri, tena huwaandikisha mawakala wanaopeleka watu kazini ng'ambo.

Hayo yote ni mema. Lakini nauliza: ofisi ya kazi asiyoweza kuifikia mtu asiye na kazi, ni ofisi ya nani?

Mwaka jana wakati wa likizo nilikaa Diff siku tisa. Diff iko Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia, na mwenzangu wa karakana ni mtu wa huko. Mtasema, mtu wa reli atafuta nini mahali ambapo filimbi ya treni haijasikika? Ni kweli, reli haifiki. Ile ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, ilipangwa kupita Garissa kwenda Isiolo, na hakuna taruma hata moja lililolazwa. Lakini watu wa huko ni wafanyakazi kama sisi, na wengine wao wamo humu humu chamani.

Jioni tulikuwa tukiketi na vijana tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Niliwauliza, nani kati yenu amejiandikisha kwenye orodha ya serikali ya watafuta kazi? Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja hutengeneza injini za visima, na kazi hiyo ameifanya miaka sita bila cheti cha kumtambulisha kwa tajiri yeyote. Mwingine aliuza mbuzi wa baba yake, akampa wakala fedha ili apelekwe Ghuba, na wakala akazima simu. Hakuna aliyemwambia kijana yule kwamba kabla ya kutoa shilingi moja angeweza kuuliza Mamlaka kama wakala huyo ameandikishwa. Mzee mmoja alikuwa akisikiliza, akasema neno kwa Kisomali, na mwenzangu akanifasiria: "Ofisi hiyo huwatafutia watu kazi, au huziacha kazi na watu vitafutane vyenyewe?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nilitafuta maandishi.

Mwaka 1948 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Namba 88 juu ya ofisi za kazi. Mkataba huo wasema serikali iwe na huduma ya ajira isiyolipiwa, na ofisi zake ziwe nyingi za kutosha kila sehemu ya nchi, tena mahali panapowafaa wafanyakazi na waajiri. Kenya iliukubali mwezi wa Januari 1964. Sasa itazameni tarehe hiyo. Wiki chache tu kabla yake, tarehe 28 Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki, na sheria zake hazikuondolewa mpaka 1991. Basi ahadi ilitolewa kwa nchi nzima wakati ambapo watu wa Diff walikuwa chini ya amri za askari. Ahadi ile bado ni deni.

Kuna jambo la kitambulisho pia. Bila hicho hujiandikishi popote. Kwa miaka mingi kijana wa mpakani alipofikisha umri alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kumchunguza, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kisumu hakulijua. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitia sahihi huko Wajir tamko la kuondoa uchunguzi huo. Vema. Sasa makarani walitii.

Tena kujiandikisha peke yake hakumpi mtu kazi. Mwaka ule ule wa 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana: waajiri wa kibinafsi waongeze watu kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na sisi tusigome wala tusidai nyongeza kwa mwaka mmoja. Watu wapatao laki mbili walikwenda kujiandikisha. Waliopata kazi walikuwa wachache sana kuliko hao. Orodha ya watu bila orodha ya kazi ni karatasi tu.

Na orodha ya kazi yatoka kwa matajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 76, yamtaka mwajiri mwenye watu 25 au zaidi apeleke serikalini habari ya kila nafasi iliyo wazi. Nimefanya kazi chini ya matajiri zaidi ya mmoja, sitawataja, na nafasi nyingi nilizoziona zikijazwa zilijazwa na mpwa wa nyapara kabla hata wino wa barua ya kumfukuza mtu wa kwanza haujakauka. Halafu tajiri huyo huyo hulia kwamba mafundi hawapatikani! Yule wa injini za visima yuko.

Wengine watauliza yatuhusu nini sisi wa karakana. Yatuhusu sana. Mtu aliyeokotwa langoni kwa njaa yake hajui kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, sehemu ya 37 yamhesabu kuwa mtu wa mwezi. Atawekwa kibarua miaka mitatu, na mshahara wake ndio tajiri atakaotuonyesha sisi siku ya mapatano.

Kwa hiyo naleta azimio hili. Kwanza, afisa wa ajira aende Diff na vituo vingine vya mpakani siku za soko, kwa ratiba inayotangazwa redioni kwa Kisomali, wala asingoje watu wamfuate mjini. Pili, aende pamoja na watahini wa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, ili fundi asiye na cheti afanyiwe mtihani wa Gredi ya Tatu pale pale penye injini. Tatu, COTU, iliyo na sauti katika Baraza la Kitaifa la Kazi, idai hesabu ya matajiri wanaotimiza sehemu ya 76, kaunti kwa kaunti.

Katibu wa tawi amekubali lisomwe mkutano ujao. Mwenye la kuongeza au la kupinga aandike, ampe mjumbe wa zamu yake kabla ya Ijumaa.

Mfanyakazi wa Karakana